Ngano ya Matamba, Ugonjwa wa Kutu na Alama za Jeni

Barabara itokayo Chimala, kando ya njia kuu iendayo Mbeya, hupanda ukingo wa bonde kwa kona hamsini na saba, na kila kona imewekewa namba yake. Msafiri anayezimaliza hujikuta Matamba, katika Wilaya ya Makete, Mkoa wa Njombe. Huko hewa ni baridi, udongo una asili ya volkano, na mashamba ya viazi mviringo, pareto na ngano yamepangana hadi chini ya uwanda wa juu wa Kitulo. Ngano si zao ambalo mtu angelitazamia kuliona karibu na ikweta. Hustawi Matamba kwa kuwa mwinuko wa nchi umeipatia hali ya hewa inayofanana na ile ya nchi za mbali za kaskazini.

Hata hivyo, baridi hiyo hiyo, pamoja na umande wa usiku na ukungu wa asubuhi, huwafaa pia maadui wa ngano. Adui mkubwa miongoni mwao ni kutu. Shamba lililokuwa la kijani mwezi mmoja huweza kuonekana mwezi unaofuata kana kwamba limenyunyiziwa vumbi la matofali, na mkulima aliyetarajia magunia akavuna makapi. Hasara hiyo haiishii kwake. Tanzania hununua kutoka nchi za nje sehemu iliyo kubwa zaidi ya ngano inayoliwa nchini, na nyanda za juu za Njombe na Mbeya ni baadhi ya sehemu chache ambapo zao hili laweza kulimwa kwa mvua tu bila kumwagilia.

Makala haya yanaeleza jinsi wataalamu wa mbegu wanavyotumia elimu mpya ya jeni ili kupata ngano inayoweza kusimama mbele ya kutu. Mwalimu wa biolojia wa kidato cha tatu au cha nne ataona kwamba sehemu kubwa ya elimu hiyo imejengwa juu ya kanuni zile zile za Mendel anazozifundisha darasani. Kilicho kipya ni uwezo wa kuiona jeni yenyewe badala ya kungoja matokeo yake shambani.

ADUI ASAFIRIYE KWA UPEPO

Kutu husababishwa na kuvu za jenasi ya Puccinia. Ziko aina tatu zinazoshambulia ngano. Kutu ya shina huletwa na Puccinia graminis, kutu ya majani na Puccinia triticina, na kutu ya manjano na Puccinia striiformis. Kutu ya manjano hupenda baridi ya nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi, na kwa hiyo huelekea kusumbua zaidi mashamba yaliyo juu kabisa. Kutu ya shina hupenda joto zaidi kidogo, lakini ikishika huangamiza kuliko zote.

Kuvu hii huenea kwa chembe ndogo ziitwazo spora. Spora ikitua juu ya ngano iliyolowa umande, huota kwa muda wa saa chache, ikaingiza uzi wake ndani ya mmea kupitia vitundu vya kupumulia. Ndani ya mmea kuvu haiui seli mara moja, bali huzinyonya chakula zikiwa hai. Baada ya wiki mbili hivi ngozi ya shina hupasuka, na kutoka katika kila kidonda humwagika maelfu ya spora mpya zenye rangi ya kutu ya chuma. Mmea hupoteza maji na chakula, punje husinyaa, na shina lililodhoofika huanguka. Spora ni nyepesi kiasi kwamba upepo huweza kuzichukua mamia ya kilometa. Kwa hiyo mpaka wa nchi si kizuizi kwa ugonjwa huu, wala mkulima hawezi kujilinda kwa kusafisha shamba lake peke yake.

Afrika Mashariki imeijua kutu tangu mwanzo wa kilimo cha ngano cha mashamba makubwa. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, ngano iliyopandwa Njoro nchini Kenya na mlowezi Lord Delamere iliteketezwa na kutu, na msiba huo ndio ulioanzisha kazi ya kuzalisha mbegu mpya mahali hapo. Njoro hadi leo ni kituo cha utafiti wa ngano, sasa kikiwa chini ya shirika la KALRO, na kina sifa ya pekee duniani ambayo itaelezwa baadaye.

Kwa muda mrefu baada ya hapo ilionekana kana kwamba vita vimekwisha. Wataalamu walikuwa wamepata jeni kadhaa zinazoipa ngano kinga dhidi ya kutu ya shina. Kila moja hupewa herufi Sr na namba yake. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa Sr31, iliyohamishwa kutoka katika nafaka iitwayo rai, ambayo ni jamaa wa ngano. Ilienezwa katika mabara karibu yote, na kwa miaka mingi hakuna kutu ya shina iliyoweza kuishinda. Mwaka 1998, katika kituo cha Kalengyere kusini-magharibi mwa Uganda, ngano zenye Sr31 zilikutwa zimejaa vidonda vya kutu. Mbari hiyo mpya ya kuvu ilielezwa mwaka uliofuata, ikapewa jina la Ug99, yaani Uganda 1999.

Safari yake iliyofuata yafaa kuchorwa na wanafunzi juu ya ramani. Ilionekana Kenya mwaka 2001, Ethiopia mwaka 2003, Yemen mwaka 2006, Iran mwaka 2007. Mwaka 2009 mbari za nasaba hiyo ziligunduliwa Tanzania. Wakati huo nasaba ilikuwa imekwisha kuzaa watoto wakorofi zaidi, kwani mwaka 2006 ilipatikana Kenya mbari iliyoishinda pia jeni Sr24, na mwaka uliofuata nyingine iliyoishinda Sr36. Norman Borlaug, mtaalamu wa mbegu aliyepata Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 1970 kwa kazi yake ya ngano, alikuwa na umri wa miaka zaidi ya tisini alipozitaka serikali na wanasayansi waunganishe nguvu dhidi ya ugonjwa huo mwaka 2005. Alikuwa ameona kwa macho yake jinsi kutu ya shina ilivyoharibu ngano ya Amerika ya Kaskazini mwaka 1953 na 1954.

MLINZI NA KOFIA YA MWIZI

Ni kwa nini jeni iliyolinda mashamba ya dunia kwa miongo kadhaa ishindwe ghafla? Jibu lilipatikana kwa hatua. Mwaka 1905 Rowland Biffen wa Chuo Kikuu cha Cambridge alionyesha kwamba kinga ya ngano dhidi ya kutu ya manjano hurithiwa kwa kanuni za Mendel. Alipochanganya ngano yenye kinga na isiyo na kinga, kizazi cha kwanza chote kiliugua, na katika kizazi cha pili mimea mitatu iliugua kwa kila mmoja uliosalimika. Katika miaka ya 1940 Harold Flor wa Marekani, akichunguza kutu ya kitani, aligundua kwamba si mmea tu wenye jeni inayohusika, bali kuvu nayo inayo ya kwake. Kila jeni ya kinga katika mmea hujibizana na jeni moja maalumu katika kuvu.

Jambo hilo laweza kufananishwa na mlinzi wa ghala anayemtambua mwizi kwa kofia yake. Jeni ya kinga hutengeneza protini ambayo ni mlinzi. Kuvu inapoingia hutoa protini zake ili kuutuliza mmea, na mojawapo ndiyo kofia. Mlinzi akiiona kofia hupiga kelele, na seli zilizo karibu hujiua zenyewe ili kuvu ikose chakula. Lakini mwizi akivua kofia, au akivaa nyingine, hupita mbele ya mlinzi bila kuulizwa neno. Mlinzi yuko macho na hana kosa lolote, ila alifundishwa kutambua kofia moja tu. Mwaka 2017 wanasayansi walifaulu kwa mara ya kwanza kuzibaini mbili kati ya kofia hizo katika kutu ya shina, zile zinazotambuliwa na jeni Sr35 na Sr50.

Kwa kawaida kuvu hubadilisha kofia kwa mabadiliko ya ghafla katika DNA yake. Mabadiliko ya namna hiyo ni nadra sana kwa spora moja, lakini shamba lililougua hutoa spora kwa mabilioni, na katika mabilioni jambo la nadra hutokea. Iko pia njia ya pili, ambayo usomaji wa DNA ndio ulioifichua. Kila seli ya spora ya kutu ina viini viwili. Mwaka 2019 wanasayansi wa Australia, Marekani na Afrika Kusini walitangaza kwamba kimojawapo cha viini vya Ug99 kinakaribia kufanana kabisa na kiini cha mbari nyingine ya zamani, ambayo ilionekana Australia mwaka 1954 na inayodhaniwa kutoka kusini mwa Afrika. Maana yake ni kwamba kuvu mbili ziliwahi kukutana ndani ya mmea mmoja, nyuzi zao zikaungana, zikabadilishana kiini kizima kama watu wanavyobadilishana mizigo kituoni. Bila kusoma jenomu za mbari zote mbili, herufi kwa herufi, asili hiyo isingejulikana.

Kuna mfano wa karibu wa hatari ya kutegemea mlinzi mmoja. Karibu na mwaka 2010 Kenya ilitoa aina ya ngano iitwayo Robin, yenye mazao mengi na yenye kinga dhidi ya Ug99. Wakulima waliipenda na kuieneza upesi. Sehemu kubwa ya kinga yake ilitokana na jeni moja, SrTmp. Mwaka 2014 zilipatikana Kenya mbari mpya za nasaba ya Ug99 zilizoweza kuishinda jeni hiyo, na Robin ikaanza kuugua. Ethiopia nayo, kuanzia mwaka 2013, ilipoteza aina yake ya Digalu iliyotegemea SrTmp hiyo hiyo, safari hii kwa mbari isiyo ya nasaba ya Ug99 kabisa. Kwa hiyo maadui wawili wasiohusiana walimpita mlinzi yule yule kwa muda wa mwaka mmoja hivi.

Tiba inayojulikana ni kuweka walinzi kadhaa katika mmea mmoja. Ichukuliwe kwa mfano kwamba uwezekano wa spora kuipita jeni moja ni mara moja katika milioni. Ili ipite jeni tatu kwa pamoja, uwezekano wake ni milioni mara milioni mara milioni, yaani mara moja katika 1 yenye sifuri kumi na nane. Ziko pia jeni za namna nyingine, ambazo hazizuii ugonjwa kabisa bali huuchelewesha, zikipunguza idadi na ukubwa wa vidonda. Jeni Sr2 ni ya kundi hili. Ilitolewa katika ngano ya kale na Edgar McFadden wa South Dakota, aliyefanya uchanganyaji wake mwaka 1916, na imedumu hadi leo bila kushindwa na kutu. Jeni ya polepole hailazimishi kuvu kubadilika au kufa, na huenda hiyo ndiyo siri ya maisha yake marefu.

TATIZO LA MTAALAMU WA MBEGU

Kusema kwamba jeni tatu au nne ziwekwe pamoja ni rahisi. Kazi ni kujua kama zimo. Mmea wenye Sr31 peke yake na mmea wenye jeni tatu huonekana sawasawa vikipuliziwa kutu dhaifu, kwani vyote viwili havitaugua. Mlinzi mmoja akifanya kazi vizuri, hakuna awezaye kusema kama wenzake wapo nyuma yake au la.

Sr2 ina ugumu zaidi. Kwanza, hufanya kazi katika mmea uliokomaa tu, kwa hiyo miche haiwezi kupimwa. Pili, ni jeni inayojificha, yaani mmea ulioirithi kwa mzazi mmoja tu huugua kama usiokuwa nayo. Wataalamu wa zamani walitumia werevu. Waliona kwamba ngano yenye Sr2 mara nyingi huwa na weusi fulani juu ya maganda ya suke na chini ya vifundo vya bua, wakauchagua weusi huo badala ya jeni wasiyoweza kuiona. Weusi ulikuwa alama. Kwa bahati mbaya hutegemea hali ya hewa, na mwaka mwingine hauonekani kabisa. Lakini wazo lenyewe lilikuwa sahihi, na alama za jeni zinazotumika maabara leo ni wazo lile lile lililopatiwa chombo bora.

ALAMA ZA JENI

DNA ni uzi mrefu wenye besi za namna nne, zinazoandikwa A, T, G na C, na mpangilio wa besi hizo ndio maandishi ya urithi. Jenomu ya ngano ya mkate ni kitabu kikubwa ajabu. Ina besi zipatazo bilioni 16, karibu mara tano ya jenomu ya binadamu na mara arobaini hivi ya jenomu ya mpunga. Sababu yake ni historia ya mmea wenyewe. Ngano ya mkate ni muungano wa majani matatu ya porini ya Mashariki ya Kati, kila moja likiwa na jozi 7 za kromosomu, na hakuna lililoacha mzigo wake nyuma. Ndiyo maana seli ya ngano ina kromosomu 42. Kwa sababu hiyo usomaji wake ulichelewa. Mpunga ulikuwa umekwisha kusomwa miaka ya mwanzo ya 2000, lakini jenomu kamili ya ngano, iliyopangwa kromosomu kwa kromosomu, ilitolewa na muungano wa wanasayansi wa nchi nyingi mwaka 2018. Humo zilihesabiwa jeni 107,891.

Si lazima kusoma kitabu chote ili kujua kama jeni fulani imo. Yatosha kutafuta tofauti ndogo ya maandishi iliyo ndani ya jeni au karibu nayo, hata ikiwa ni besi moja tu. Tofauti hiyo ndiyo alama. Ikiwa alama iko jirani sana na jeni, vitu hivyo viwili hurithiwa pamoja karibu kila mara. Ikiwa iko mbali, kromosomu huweza kukatika na kubadilishana vipande katikati yao wakati wa kutengenezwa chavua na mayai, na alama ikawa shahidi wa uongo. Alama inayotengana na jeni yake mara moja katika mia hudanganya mara moja katika mia. Kwa hiyo alama bora ni ile iliyo ndani ya jeni yenyewe, na hiyo hupatikana pale jeni inapokuwa imetambuliwa kamili. Mwaka 2009 ilitambuliwa jeni Lr34, ambayo huchelewesha kutu zote tatu kwa pamoja, na mwaka 2013 zikatambuliwa Sr33 na Sr35.

Upimaji wenyewe huanza na kipande cha jani kidogo kuliko ukucha. Seli zake husagwa, DNA ikatolewa. Hatua hiyo hata darasa lisilo na maabara kamili laweza kuiiga kwa kitunguu kilichosagwa, maji yenye chumvi na sabuni ya maji, kisha mchanganyiko ukachujwa na kumiminiwa juu yake spiriti baridi taratibu. Nyuzi nyeupe zinazoelea katikati ya tabaka hizo mbili zina DNA. Maabara huendelea kwa kuitumia polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA, pamoja na vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha mahali pa kuanzia. Joto hupandishwa ili nyuzi mbili ziachane, hushushwa ili vipande vishike, kisha kunakili huanza. Kila mzunguko hurudufu idadi ya nakala. Baada ya mizunguko 30, nakala moja imekuwa 2 kipeo cha 30, yaani zaidi ya bilioni moja. Kwa wingi huo alama huonekana, ama kwa rangi inayong'aa ama kwa mstari ndani ya jeli. Njia hii ilibuniwa na Kary Mullis mwaka 1983.

Msomaji asichanganye kazi hii na uhandisi wa jeni. Hapa hakuna jeni iliyopandikizwa maabara. Ngano huchavushwa kwa mkono, chavua ya mmea mmoja ikipelekwa juu ya suke la mwingine, kama ilivyofanywa zama za Biffen. Alama hutumika kuchagua tu. Njia ya kupandikiza ipo pia, na mwaka 2021 ilitangazwa ngano ya majaribio iliyowekewa jeni tano za kinga katika kifurushi kimoja ili zirithiwe kama jeni moja, lakini ngano hiyo haikutolewa kwa wakulima, na kila nchi ina sheria zake juu ya jambo hilo.

HESABU YA KURUDIA MZAZI

Faida ya alama huonekana wazi katika kazi iitwayo kurudia mzazi. Ichukuliwe kwamba kuna aina ya ngano inayopendwa nyanda za juu kwa mazao na unga wake, ila haina Sr2. Ichukuliwe pia kwamba kuna ngano dhaifu ya kigeni yenye Sr2. Zikichanganywa, mtoto wa kwanza atakuwa na nusu ya urithi wa kila mzazi. Ili kurudisha uzuri wa ngano inayopendwa, mtoto huchanganywa nayo tena, na tena. Kila mara sehemu ya kigeni hupungua nusu. Baada ya kurudia mara moja urithi wa mzazi mzuri ni wastani wa asilimia 75, mara mbili asilimia 87.5, mara tatu asilimia 93.75, na mara sita asilimia 99.2.

Lakini kila mara ya kurudia, nusu ya watoto huipoteza Sr2, na kwa kuwa jeni hiyo hujificha, waliobaki nayo hawatofautiani na walioipoteza. Bila alama, mtaalamu hana budi kuacha kila mmea ujichavushe, apande wajukuu, angoje wakomae, apulize kutu, kisha atazame ni mmea gani ulizaa robo yenye kinga. Msimu mzima hupotea kila mara, na mara sita huwa misimu kumi na miwili. Kwa alama, jani hukatwa mche ukiwa na wiki mbili, jibu hupatikana kabla ya maua, na uchanganyaji unaofuata hufanywa msimu huo huo. Kwa jeni moja, miche 7 tu yatosha kumpa mtaalamu hakika ya asilimia 99 kwamba angalau mmoja anayo. Kwa jeni tatu zinazorithiwa kila moja kivyake, miche 35 yatosha. Alama zilizotawanywa katika kromosomu zote huonyesha pia ni mche gani uliorudi karibu zaidi na mzazi mzuri kwa bahati yake, hivyo kurudia mara tatu huweza kufanya kazi ya mara tano.

Kwa sifa kama wingi wa mazao, ambazo huongozwa na mamia ya jeni, kila moja ikiwa na nguvu ndogo, alama moja moja hazisaidii. Mwaka 2001 Meuwissen, Hayes na Goddard walipendekeza njia nyingine. Ngano mia kadhaa hupimwa shambani na pia hupimwa maelfu ya alama. Hesabu hukadiria mchango wa kila alama, ukiwa wa kuongeza au wa kupunguza, na baada ya hapo mche mpya usiowahi kupandwa shambani hukadiriwa mazao yake kwa kujumlisha michango ya alama zake. Njia hii ilianza kwa ng'ombe wa maziwa, na sasa hutumika kwa ngano pia. Udhaifu wake ni mmoja, nao ni mkubwa: makadirio ni ya kweli mahali pale vipimo vilipochukuliwa. Hesabu iliyojengwa juu ya ngano ya kumwagiliwa katika jangwa la kaskazini mwa Mexico haijui asidi ya udongo wa Njombe wala baridi ya Matamba.

KUTOKA MAABARA HADI SHAMBANI

Hapa ndipo umuhimu wa Njoro unapoonekana. Kwa kuwa Ug99 na watoto wake wako huko tayari, ngano kutoka nchi nyingi hupelekwa Njoro kila mwaka, makumi ya maelfu ya mistari, ili zipimwe mbele ya adui mwenyewe. Kituo cha Kimataifa cha Kuboresha Mahindi na Ngano, CIMMYT, chenye makao yake Mexico, hupeleka mbegu zake Njoro na kuzirudisha, kizazi hadi kizazi. Alama hupunguza idadi ya mistari inayostahili kupelekwa, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya shamba lenye kutu. Anayedhani kwamba mashine ya kusoma DNA imefuta kazi ya mtu anayetembea kati ya mistari akiwa na daftari hajaielewa mashine hiyo.

Tanzania ina vituo vya kazi hii: Uyole, Mbeya, kwa nyanda za juu za kusini, na Selian, Arusha, kwa kaskazini, vyote sasa vikiwa chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI. Kituo hakilazimiki kuwa na mashine zote. Majani yaliyokaushwa huweza kutumwa katika maabara ya mbali, majibu yakarudi kabla ngano haijatoa maua. Kisichoweza kutumwa kwa posta ni hali ya hewa, kwa hiyo majaribio hayana budi kufanywa huku huku, katika miinuko tofauti, kabla aina mpya haijathibitishwa na kutolewa.

Inabaki habari ya mbegu yenyewe. Ngano hujichavusha, na mkulima huweza kuhifadhi mbegu yake mwaka hadi mwaka bila kubadilika sana. Hilo ni jema kwa mfuko wake, lakini lina upande wa pili. Makampuni ya mbegu hayavutiwi na zao ambalo mkulima hana haja ya kulinunulia mbegu kila msimu, na aina iliyoshindwa na kutu huendelea kupandwa miaka mingi baada ya nyingine bora kupatikana. Shamba moja la aina ya zamani huweza kulea kutu inayopeperushwa juu ya mashamba ya jirani na kujaribu kofia mpya kila siku. Kichaka cha Berberis holstii, kinachoota chenyewe katika milima ya Afrika Mashariki, nacho huchunguzwa, kwa kuwa jamaa zake katika nchi nyingine ndio mahali ambapo kutu ya shina huzaana kwa kuchanganya urithi.

Usomaji wa DNA umeanza kutumika kwa kuvu pia. Kuanzia mwaka 2018 wataalamu wa Ethiopia walijaribu kifaa kidogo kinachobebwa mkononi, kinachosoma DNA ya kutu ya manjano na kuitambua mbari yake kwa muda wa siku chache, badala ya kungoja miezi mingi sampuli ziende ng'ambo na kurudi. Mkoa unaojua mapema ni mbari ipi imeingia huweza kuamua kama dawa ya kuvu inunuliwe na ipelekwe wapi kwanza. Kwa kutu, wiki mbili ni kizazi kizima.

ZOEZI LA DARASA

Mwanafunzi atayarishe makopo matatu, kila moja likiwa na maharage 50 mekundu na 50 meupe. Kila kopo ni jeni moja ya kinga, jekundu likiwa ni kuwapo kwa jeni na jeupe kukosekana kwake. Kutoka katika kila kopo atoe harage moja bila kutazama, aandike rangi yake, alirudishe, kisha atoe jingine, kwa mfano wa chavua na yai. Mmea unaotafutwa ni ule wenye mekundu mawili katika makopo yote matatu. Kila kundi lihesabu limefanya mara ngapi kabla ya kuupata.

Uwezekano wa mekundu mawili katika kopo moja ni robo, na katika makopo matatu ni 1 katika 64. Ili kuwa na hakika ya asilimia 95 ya kupata angalau mmea mmoja, sharti ipimwe mimea 191, na jeni zikiwa nne idadi hupanda hadi 766. Kundi litakalofika mara 191 bila kufanikiwa lisidhani kwamba limekosea: katika kila makundi 20, moja hutazamiwa kufika hapo mikono mitupu.